Rika la Hamsini na Mbili

Jumatatu, 1 Agosti 1988. Walukuba, Jinja.

Kaburi la pili katika siku sita. La pili! Vidole havikunji, kalamu nimeishika kama mwiko. Mchana kutwa nabeba marobota ya pamba kiwandani, jioni nakabidhiwa sururu. Na udongo wa Walukuba si udongo. Ni mawe yaliyovaa majani.

Nilijiunga mwenyewe na Chama cha Kuzikana, hakuna aliyenishika shati. Sababu ya kwanza ni Odero wa chumba cha jirani. Vita vilipofika Jinja alifia ndani, akalala pale siku mbili. Kwao hatukujua. Kutoka nje tuliogopa. Waliokuja ni Mama Zulaika, yule Mnubi, na vikongwe wenzake watatu, na nyuma yao vijana sita wenye majembe. Wakamwosha, wakamfunika, wakamzika huku risasi zinalia upande wa bwawa. Mimi nilitazama kwenye ufa wa dirisha. Nikajiambia: Romano, kwenu ni mbali, mke huna, mtoto huna. Ukifa hapa nani atakuinua?

Sababu ya pili ni Proscovia. Mjane wa vita, miaka kama thelathini, kwao Mbale kama mimi. Anashona kwa cherehani barazani. Akicheka hata waliokuja kugombania suruali zao wanacheka. Yeye ndiye mpishi wa matanga yote ya chama. Nimekusudia kumwoa kabla ya Krismasi. Shida ni hii: nikitoka kuchimba nimejaa udongo, nanuka, na akiniletea chai nasinzia kikombe mkononi. Wiki iliyopita nimekoroma mbele yake. Nimekoroma!

Sheria ya chama: aliye chini ya miaka hamsini anachimba. Aliyezidi anakaa kwenye benchi na kuwafariji wafiwa. Na benchi liko karibu na jiko! Mama Zulaika, ambaye ndiye mwenyekiti, husema wazee wana majina, vijana wana mikono, na maiti anahitaji vyote viwili. Mimi nina miaka thelathini na minane. Lakini kesho daftari la wanachama linaandikwa upya, maana lile la kwanza askari walilichoma wakichemshia chai. Na nywele zangu zimejaa vumbi la pamba, nyeupe kabisa.

Sitaoga kesho.

Jumanne, 2 Agosti.

Imefanikiwa!

Karatasi za kuzaliwa hakuna mwenye nazo, kwa hiyo Mama Zulaika aliuliza kila mtu kwa desturi ya kwao. Bibi mmoja alizaliwa mwaka wa nzige. Semei, lile jitu la Iganga, mkuu wa wachimbaji, alisema alizaliwa wiki ya bendera ya uhuru. Ikafika zamu yangu. Mama akasema, wewe Mgisu, nyinyi mnahesabu kwa kisu, sema ulitahiriwa mwaka gani.

Ukweli ni mwaka wa sitini na nane, nikiwa na miaka kumi na minane. Mdomo ukasema hamsini na mbili.

Hapo kina mama wakaguna kwa huruma. Mama Zulaika alivua miwani akauliza, mzee wa umri huu bado anabeba marobota? Na sisi tumempa sururu? Akamgeukia Semei akamfokea mbele ya watu: hana adabu, amemchimbisha mtu wa rika la baba yake. Semei akaniangalia kutoka utosini hadi kwenye viatu. Akasema polepole kwamba wazee wa Mbale wana shingo nene.

Nikakohoa. Kikohozi kizuri, cha mzee kabisa. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi kiwandani.

Alhamisi, 4 Agosti.

Mazishi ya mama muuza samaki. Shati safi, limepigwa pasi. Benchi! Semei na wenzake wako shimoni wanahema, mimi nina karanga kiganjani. Haya ndiyo maisha.

Jambo moja sikulijua. Baada ya kuzika, vijana huja kukaa chini mbele ya benchi na kuwauliza wazee habari za zamani: nani alikuwa nani, nyumba hizi zilijengwaje, marehemu alikuja lini. Mama Zulaika ndiye aliyeanzisha, anasema vita vimekula watu na habari zao pamoja. Msichana mmoja akaniuliza mimi siku za kujenga bwawa. Nilikuwa mtoto wa kunyonya! Nikasema nilibeba mawe. Mzee Muhamad, ambaye kweli alibeba mawe, akageuka na uso wa furaha akauliza, upande upi? Nikasema kushoto. Akasema kushoto palikuwa na mto. Nikasema kulia. Akasema kulia pia palikuwa na mto. Nikakohoa mpaka wakaniletea maji.

Halafu pigo lenyewe. Proscovia akaja na chai. Nikakaa wima. Nikatabasamu. Akapiga magoti! Magoti yote mawili, chini kwenye majivu! Akanipa kikombe kwa mikono miwili, macho chini, akasema, "Karibu chai, mzee wetu."

Mzee wetu! Wiki iliyopita aliniita Romano.

Jumamosi, 6 Agosti.

Siwezi kuandika sawasawa. Nimekaa sakafuni kwa sababu kitandani pangu kuna mtu.

Asubuhi baba yake Proscovia aliingia kutoka Mbale. Mzee Yekosofati, askari jela mstaafu, mgongo umenyooka kama mlingoti. Sikujua kama yuko hai. Alikuja kumwona binti yake, na pale barazani watu wakamwambia kuna Mgisu mwenzake hapa, wa rika la hamsini na mbili.

Na yeye ni wa hamsini na mbili!

Alivuka uwanja mbio. Mzee wa miaka ile, mbio! Akanikumbatia mbele ya bomba la maji, ndoo za watu zikamwagika. Akalia. Akaniita makoki. Akapiga kelele: "We mbuzi wee! Uso wako umekataa kuzeeka, unakula nini?" Watu wote wakacheka. Mimi nikacheka pia.

Niandike wazi ili nielewe nilichofanya. Kwetu waliotahiriwa mwaka mmoja ni makoki. Makoki ni zaidi ya ndugu. Chakula chako ni chake, blanketi lako ni lake, anaweza kukutukana mbele ya wakwe na ukacheka. Na binti wa makoki ni binti yako. Kumwoa ni mwiko. Kumtamani ni mwiko. Hili nalijua tangu sijaota meno! Kwa nini sikulikumbuka Jumanne? Kwa nini sikuuliza baba yake alitahiriwa mwaka gani? Kila Mgisu huuliza!

Akaniuliza nilisimama wapi siku ile na ngariba alikuwa nani. Nikasema sikumbuki, jua lilikuwa kali. Akaruka. Akasema hata yeye hakumbuki, kweli jua lilikuwa kali! Kisha akamwita Proscovia, akamwambia, huyu ni baba yako kama mimi, msalimie. Akapiga magoti. Akasema, "Baba."

Nimesikia sikio likipiga filimbi.

Mzee amehamia kwangu. Amevaa koti langu. Amesema kwa binti yake kuna vitambaa vingi mno, na mtu akimpata makoki hatafuti mahali pengine pa kulala. Anakoroma. Mimi nakoroma vizuri kuliko yeye.

Jumanne, 9 Agosti.

Leo niliamua kusema kweli. Nilianza vizuri. Nikamwambia, mzee, kuna jambo kuhusu miaka. Akanikatiza, akasema naam, miaka! Akaanza kuhesabu kwa vidole. Walisimama kumi na mmoja siku moja katika ua mmoja. Wawili walikufa kwa ndui. Mmoja alipotea wakati wa Amri ya Kijeshi, alipelekwa kuulizwa maswali hakurudi. Wawili walikufa wakifuata ng'ombe walioibwa. Wengine vita, wengine homa, mmoja alizikwa na watu asiowajua kwa sababu barabara ilifungwa. Kumi. Vidole vikaisha, akarudi kwenye kimoja, akakiinua hewani: yeye mwenyewe. Akasema miaka mitatu sasa, kwenye pombe, hana mtu wa kumtukana. Vijana wanamheshimu tu. Akasema heshima ni baridi sana.

Kisha akanitazama. Akauliza, ulikuwa unasema nini kuhusu miaka?

Nikasema inakwenda mbio.

Mchana pigo jingine. Semei kaja mlangoni. Kachana nywele! Kilo ya nyama mkononi na sukari kwapani. Akakaa chini kwenye mkeka, jitu lile, akaniita baba. Anamtaka Proscovia. Mzee Yekosofati amemwambia kwetu baba mzazi hapokei maneno ya kwanza, maneno yapitie kwa makoki wake.

Yaani kwangu! Semei anamposa mke wangu kwangu!

Nilimwambia nitalitafakari. Nikamwambia nasikia ana hasira. Akasema hana. Nikasema nasikia anakula sana. Akasema, baba, hata nyama hiyo naweza kuirudisha. Nikasema iache. Tumeila, mimi na mzee. Ilikuwa laini. Nilitafuna kwa uchungu.

Ijumaa, 12 Agosti.

Eriya amefariki. Mlinzi wa ghala letu, mzee mpole, Mgisu. Kesho chama kinampeleka kwao kwa lori. Nimeuliza kwao wapi.

Chini ya mlima Wanale, Mbale! Kijiji cha pili kutoka kwa mama yangu! Pale hata mbuzi wanajua nilitahiriwa lini!

Niliugua papo hapo. Nikashika tumbo, nikalala. Mzee Yekosofati akasema basi hata yeye haendi, atabaki kunikanda. Mama Zulaika akaja na dawa nyeusi ya Kinubi kwenye chupa, akasimama mpaka nikameza. Nilipona mara moja. Akasema chama hakijawahi kumwacha mtu njiani, wala maiti wala mgonjwa. Proscovia anakwenda kupika. Semei anakwenda kuchimba.

Nimepata mpango. Nikifika nimtafute kaka yangu kimyakimya. Kaka amwambie mzee kwa upole kwamba kumbukumbu zangu zimeharibika kwa vumbi la pamba. Mzee ataelewa. Nitakuwa kijana tena, nitamwoa. Ni mpango mzuri. Kofia nitaivuta mpaka kwenye nyusi.

Jumamosi, 13 Agosti. Wanale.

Naandika nje ya nyumba ya mama. Amekataa niingie.

Nianze na kizuizi cha barabarani. Upande wa Teso vita bado vinawaka, kwa hiyo askari wanasimamisha kila gari. Amri: vijana washuke wapange mstari, wazee wabaki juu na jeneza. Nikabaki juu. Askari mmoja akapanda, akanitazama, akasema mzee huyu ana mikono ya ng'ombe wa kulima. Akataka kitambulisho. Nikampa kile cha kiwanda. Akasoma kwa sauti, lori zima linasikia: amezaliwa mwaka wa hamsini!

Nilidhani mwisho umefika. Lakini nani alisimama? Mzee Yekosofati! Akavua kofia, akasema yeye alikuwa sajini wa magereza kabla mama wa askari huyu hajaolewa, na karani aliyeandika kadi ile alikuwa mlevi, na anayemwita makoki wake mwongo amemwita yeye mwongo. Askari akapiga saluti. Akasema, samahani, afande mzee. Akanirudishia kadi kwa mikono miwili.

Nilitamani anikamate.

Tukafika. Watu wamejaa, ni mwaka wa tohara, filimbi na njuga zinasikika kila kilima. Nikakalishwa kwenye viti vya mbele, kati ya Mzee Yekosofati na mzee wa ukoo. Kaka yangu simwoni. Nikavuta kofia. Wakaniomba niseme neno kwa niaba ya rika. Nikasimama, nikakohoa, nikasema sisi wa hamsini na mbili tumeona mengi.

Sauti ikatoka kwa wanawake: "Nani huyo wa hamsini na mbili?"

Mama yangu! Na fimbo yake! Watu wakampisha kama maji. Akanivua kofia, akanishika sikio mbele ya umati, mbele ya Proscovia, mbele ya jeneza. "Romano! Umekalia viti vya baba zako unatafuta nini? Sitini na nane! Ulezi wa pombe ya tohara yako niliusaga mimi kwa mikono hii! Hamsini na mbili nilikuwa nakunyonyesha, na ulikuwa unauma!"

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichonitisha. Kisha wakacheka wote kwa pamoja, mpaka wafiwa.

Mzee Yekosofati hakucheka. Alivua koti langu, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Akahesabu kwa sauti ndogo: Jumamosi hadi Jumamosi, siku nane. Akasema siku nane alikuwa na mtu.

Wazee wa ukoo wakaingia kwenye migomba kushauriana, Mama Zulaika pamoja nao. Mimi nilikuwa na aibu, ndiyo. Lakini ndani ya moyo kitu kilikuwa kinacheza ngoma: mimi si makoki! Proscovia si binti yangu! Mama amenifungua!

Wakatoka. Wazee walitaka nifukuzwe katika chama na jina langu lifutwe. Nikifa, nife peke yangu. Nikamwona Odero, amelala chumbani siku mbili. Hapo Mzee Yekosofati akaomba kusema. Akasema, kumi wa rika langu wamekufa. Huyu ni mwongo, lakini yu hai. Amekula sahani moja nami, amelala sakafuni nikalala kitandani pake, na binti yangu amemwita baba mara tatu mbele ya watu. Neno hilo haliwezi kurudi mdomoni. Mimi namchukua alivyo.

Mama Zulaika ndiye aliyemaliza. Nabaki kwenye chama. Kwa mikono, mimi ni wa sitini na nane: nachimba. Kwa Proscovia, mimi ni wa hamsini na mbili: baba. Yote mawili! Kwa pamoja! Nikauliza kama haiwezekani kugeuza. Mama yangu akainua fimbo.

Kaburi la Eriya lilikuwa halijafika kiunoni, walikuta jiwe. Semei akanyoosha mkono kutoka shimoni kunisaidia kushuka. Akasema, "Karibu, kijana." Kisha akasema, "Baba mkwe, wewe piga upande huo."

Jumapili, 14 Agosti. Walukuba.

Nilidhani hakuna kitakachonishtua tena.

Kwenye lori Proscovia alikaa karibu nami. Akaniuliza kama najua kwa nini baba yake alikuja Jinja. Nikasema kumtembelea. Akasema hapana. Alimwandikia barua mwezi wa saba. Alimwambia kuna Mgisu hapa, mtu wa kazi, anachimba makaburi ya watu asiowajua mpaka anasinzia na kikombe mkononi, na akilala uso wake unakuwa wa mtoto. Alimwomba baba aje amwangalie.

Nilimwuliza, Mgisu yupi?

Akasema, "Pole, baba." Akahamia upande wa kina mama.

Mkoromo ule! Alikuwa ameupenda mkoromo ule!

Jumapili, 21 Agosti.

Semei amejitambulisha rasmi leo. Nilikaa kwenye mkeka wa kina baba, koti langu nimeazimwa na Mzee Yekosofati kwa siku moja. Walileta mbuzi, sukari, na kanzu yangu kama baba. Mzee alinitukana mbele ya wageni tangu asubuhi hadi mchana, akaniita kinda, akaniita fisi mla viti. Nami nikamjibu kwamba masikio yake yangetosha kuezekea nyumba. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa kweli sijamwona mtu akifurahi vile. Nilitoa ruhusa. Sauti ilinikwama kidogo, watu wakasema tazama, baba ana uchungu wa binti.

Jioni tulichimba kaburi la jirani wa bomba. Mawe.

Lakini nimejifunza. Kosa langu lilikuwa umri. Umri si kitu cha kuchezea, sitaugusa tena kamwe. Kwa sababu leo kwenye chama kaja mwanachama mpya, anaitwa Margret. Mgisu wa Budadiri, hajaolewa, anauza vitunguu sokoni, ana mwanya. Alikuwa amejikunja pembeni, hamjui mtu. Nikanawa mikono, nikaenda. Safari hii sikusema neno lolote kuhusu miaka. Nilimwuliza tu ukoo wake, ili apate kunizoea. Akautaja, sijawahi kuusikia. Nikampigapiga begani, nikamwambia, usiwe na wasiwasi, hata mimi ni wa ukoo huohuo!

Uso wake uling'aa mara moja. Amesema tangu atoke kwao hajampata mtu wa damu yake. Ameshika mikono yangu yote miwili. Ameniita kaka.

Mwanzo mzuri sana.